Hewa Ndani ya Jicho la Papa

Masisi, tarehe 11 Mei 2025

Kwa dada yangu Sidonie,

Pokea salamu kutoka kwetu juu. Siye tuko wazima, Mungu asifiwe. Godelieve muke wangu anakusalimia, watoto wamerudi masomo, na ile ng'ombe yenye kupiga watu mateke imezaa, ikapiga hata mutoto wake. Maharagi iko muzuri, mvua imeharibu kidogo upande wa bondeni. Rezo ya telefone bado imekufa huku, na ukibeba telefone kwenye bariere watu wa bunduki wanaifungua wanasoma kila kitu. Njo maana naandika kwa kalamu kama muntu wa zamani, na Papa Mbusa atakuletea barua na kamio yake ya kubeba mizigo.

Mama anasema ule chakula. Anasema ile foto ya Noeli ulikuwa umekonda sawa na fimbo.

Sasa sikiliza, na usinikasirikie. Papa yetu alianguka na bidon ya maziwa, maziwa yote chini. Nikamuuliza, Papa, haukuona ile jiwe? Akakasirika. Kiisha Mama akaniambia pembeni: kuna kitu kama pazia nyeusi inashuka katika jicho lake, tangu wiki moja na zaidi. Jicho la kuume, Sidonie. Ile moja yenye ilibakia. Alikuwa anaficha, eti itapita. Ni sawasawa na vile ile ingine ilianza wakati tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, unakumbuka, infirmier akampaka pomade juu ya jicho na ugonjwa ulikuwa nyuma ya jicho.

Namutuma kwako na hii kamio. Kama Mbusa anakupa hii barua, Papa iko naye mbele, kwenye kiti ya pembeni. Mama hakuweza kumusindikiza, anasema kazi ya maharagi ni nyingi.

Ni weye tu tuko nawe. Fanya haraka.

Kaka yako,
Archange


Goma, tarehe 21 Mei 2025

Kaka Archange mpendwa,

Nakusalimu wewe na shemeji Godelieve na watoto. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Mwambie Mama ninakula, na ile foto ilipigwa vibaya.

Papa alifika mikono ikitangulia mbele, anapapasa ukuta. Nilimwangalia nyuma ya jicho. Kuna ngozi nyembamba huko nyuma, ndiyo inayopokea picha ya kila kitu, tunaiita retina. Yake ilikuwa imebanduka kama rangi ya nyumba yenye unyevu. Kipande cha katikati tu kilikuwa kimeshikilia bado. Unajua nilikwenda miaka yote ile ng'ambo kusomea nini, kaka? Nilikwenda kusomea kitu hiki hiki, kwa sababu ya jicho lile la kambini. Wenzangu walinicheka: soma mtoto wa jicho, Sido, huo upo kila kijiji, hutalala njaa. Nikasema hapana, nataka nyuma ya jicho.

Daktari hapaswi kumkata mzazi wake. Lakini katika mkoa huu wote hakuna mwingine wa kazi hii, na uwanja wa ndege umefungwa kwa vita, ningempeleka wapi? Nilimfanyia operasio juzi. Nilipomaliza nilijifungia chooni.

Sasa uelewe vizuri. Ili ile ngozi ishikamane tena na ukuta wake, lazima kitu kiisukume kutoka ndani. Kuna mafuta maalumu ya kazi hiyo, sina, hayajafika tangu ndege zisimame. Nimeweka gesi. Ni hewa iliyofungiwa ndani ya jicho, itaisha yenyewe polepole baada ya miezi miwili hivi. Kwa sasa analala kifudifudi, anakula kifudifudi, kama mtu anayetafuta sindano chini ya meza. Ananitukana mchana kutwa.

Na hewa hiyo haipandi mlima. Nasema tena: haipandi mlima. Unajua bidon tupu ukiifunga kizibo hapa Goma, ukifika nayo Mushaki, juu mlimani, imevimba? Jicho nalo litavimba vilevile, lakini jicho halina nafasi ya kuvimba. Litakufa njiani kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo Papa anabaki kwangu mpaka gesi iishe, hata kukitokea nini.

Lakini niambie ukweli. Maharagi gani yanamzuia Mama kumfuata mume wake? Namjua Mama.

Dada yako,
Sidonie


Masisi, tarehe 3 Juni 2025

Docteur wangu,

Tumepokea barua yako, asante, Mungu akuongezee akili. Watoto wamecheka sana juu ya Papa kutafuta sindano. Baba mudogo Théophile anakusalimia, ila anauliza tangu lini mulima unapasua macho ya watu, kwani siye wote huku tungekuwa vipofu. Nilimuonyesha na bidon. Amenyamaza, lakini haamini.

Mama. Sawa. Ulijua. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu Pasaka, na akatuapisha wote tusikuambie, eti utaacha kazi. Sasa tumbo nayo imevimba, na akilala chini pumzi inakatika, analala amekaa. Kwenye centre de santé wamempa vidonge, haisaidii. Wiki hii haongei mengi. Anaongea kitu moja tu, juu ya Papa: "Jean-de-Dieu iko wapi? Mulimwita?"

Sidonie, muite. Mutie kwenye kamio. Mbusa anangoja mizigo siku mbili tu hapo Goma kiisha anapanda. Musomee Papa hii barua yote, usiruke mustari hata moja.

Archange


Goma, tarehe 8 Juni 2025

Kaka,

Salamu kwenu nyote. Ninaandika nimesimama, Papa Mbusa anapiga honi nje.

Sijamsomea. Nilianza, nikafika kwenye salamu za watoto, akacheka, nikaruka mpaka mwisho, nikasema, "Archange anakusalimia." Akauliza, "Na mama yenu?" Nikasema, "Anakusalimia."

Nikimsomea atapanda. Unamjua. Hatangoja hata kamio, atashika fimbo na kuelekea Sake kwa miguu. Ngozi ile imeanza kushika, kaka, bado kidogo, na gesi ingali imejaa. Akifika kwenye zile kona za Mushaki atalia kwa maumivu, akifika kwa Mama hatauona uso wake. Atafika kumsikia tu. Na baada ya hapo ni giza mpaka siku ya kufa.

Mlete Mama huku. Moyo wake umechoka, ndio maana anavimba, na hapa kuna madaktari wa moyo. Mfungie godoro kwenye tipoy, ile machela, mumbebe mpaka barabarani, Papa Mbusa amekubali kumteremsha. Nimetuma dawa ya kumtoa maji mwilini, kidonge kimoja asubuhi, apunguze chumvi. Mwambie ni mimi nimesema. Mwambie nakuja kumpokea Sake mwenyewe.

Usinichukie.

Sidonie


Masisi, tarehe 16 Juni 2025

Sidonie,

Mama Victorine alitutoka usiku wa Jumatano. Tumemuzika Ijumaa, nyuma ya nyumba, karibu na mama yake Papa. Dawa yako ilifika wakati tulikuwa tunachimba. Mbusa alishuka kwenye kamio na ile mufuko mukononi, akaona majembe, akaiweka chini polepole.

Mama aliuliza muzee wake mpaka mwisho. Nikamudanganya kwamba iko njiani. Nilisema amefika Sake. Kiisha nikasema amefika Mushaki. Mama akafa, na Papa bado iko Mushaki.

Wanasema kilio huanza mufiwa. Mufiwa wa kwanza iko wapi? Muke wa muntu amezikwa bwana yake mwenyewe hajui, iko nalala kwako na kucheka. Baba mudogo Théophile alisimama mbele ya watu wote akasema hii kilio haifungwi, moto hauzimwi, mpaka Jean-de-Dieu aje atupe udongo wake. Kwa hiyo watu wako hapa. Wanalala hapa, wanakula hapa. Siwafukuzi, wana haki.

Umuambie. Ni kazi yako sasa. Mimi yangu nimemaliza.

Archange


Goma, tarehe 29 Juni 2025

Kaka Archange,

Sijui nianze na salamu gani. Nawasalimu waombolezaji wote. Nampa pole shemeji Godelieve, najua ni yeye aliyemwosha Mama.

Nilisoma barua yako hospitalini, kwenye chumba cha kuvalia. Nililia ndani ya kofia ya operasio nimeiuma kwa meno. Siku ile ile nilikuwa na mgonjwa mezani, kijana wa Shasha aliyeingiwa na kipande cha chuma jichoni. Nilinawa mikono nikaingia. Jioni nilinyoa nywele zangu zote, kama inavyotakiwa, na nimefunga kitambaa kichwani. Silali bila kitambaa.

Sijamwambia.

Subiri, usirarue karatasi. Hewa imeanza kushuka. Anaona juu, na chini ni kama maji yanayochezacheza. Jana aliniambia, "Naona taa! Naona dari, kuna buibui pale, wewe hausafishi?" Alifurahi kama mtoto. Nikafurahi naye, nikaenda jikoni, nikashika meza kwa mikono miwili. Mama ameshaondoka, kaka. Papa akipanda leo au akipanda mwezi ujao hatamkuta. Lakini jicho hili likienda halirudi. Mimi ni mtu wa macho, sina akili nyingine, nisamehe.

Papa Mbusa alikuja kumsalimu, akiwa amebeba fromage, jibini ya kwetu. Alikaa, akamshika Papa mkono, akaushika muda mrefu mno. "Pole sana, muzee," akasema. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Papa akauliza, "Pole ya nini?" Mbusa akavuta mguu wake. "Pole ya... ya kulala kifudifudi," akasema. Papa akacheka.

Sasa naomba kitu kibaya. Papa ameanza kuuliza kwa nini Mama hatumi maneno. Siku hizi haulizi tena mara moja, anarudia. Niandikie barua ya kumsomea. Weka salamu za Mama ndani. Mstari mmoja tu.

Sidonie


Masisi, tarehe 12 Julai 2025

Docteur,

Barua yako imechelewa sana kunifikia. Mbusa aliipeleka kwanza Walikale na mizigo ya mafuta, daraja ikakatika huko, kamio ikabaki upande ingine wa muto na watu wenye bunduki wakabaki upande huu. Kwa hiyo usifikiri nilinyamaza juu ya hasira. Hasira ninayo, lakini sikunyamaza.

Nimeandika. Iko karatasi ya pili, imekunjwa peke yake. "Papa, siye wote tuko wazima. Mama anakusalimia sana, anakuambia uvumilie." Niliandika nimekaa nyuma ya nyumba, na mbele yangu ni udongo bado mubichi. Mukono ulikataa, nikaulazimisha. Sijawahi kutenda kitu chafu namna hii, na nimekaa na watu wabaya.

Huku iko mubaya. Watu wameanza kusema. Wanasema docteur wetu amemufunga baba yake kwa nyumba ili amujaribie dawa ya wazungu. Wanasema mimi mutoto wa kwanza naogopa dada yangu. Baba mudogo anasema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Jana alikuja na wanaume wanne na pikipiki mbili, wanashuka Goma kumuchukua muzee kwa nguvu. Nilisimama katikati ya njia. Mimi, Sidonie, nimesimama mbele ya baba yangu mudogo nimeshika panga, na ndani ya moyo nilikuwa upande wake! Nikamuambia anipe mpaka mwisho wa mwezi. Akatema mate chini, akarudi.

Kwa hiyo uko na mpaka mwisho wa mwezi. Kiisha sitasimama tena njiani.

Nakuuliza kitu moja, na ujibu kama muntu, si kama docteur. Kama ni weye ulikuwa unakufa, na bwana yako iko na jicho moja, ungependa aje ao abaki?

Archange


Goma, tarehe 27 Julai 2025

Kaka Archange,

Ningependa aje. Nimejibu.

Ile karatasi ya pili sikumsomea. Niliikunjua, nikaona "Mama anakusalimia", nikaikunja tena. Nikasema barua imelowa mvua.

Hewa imeisha. Nilipima Ijumaa, retina imeshika kote, imetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Anasoma saa ya ukutani. Nilijiambia, kesho Jumamosi nitamkalisha chini, nimwambie taratibu, nimeshapanga maneno yote. Nilikuwa na maneno mazuri, kaka, ninayatumia kwa wagonjwa.

Hakuningoja. Asubuhi mapema aliamka mwenyewe kutafuta chai. Mimi nilikuwa jikoni nimeinama kwenye beseni, nanawa uso, kitambaa nimekitundika kwenye kiti. Nilisikia amesimama mlangoni. Nilipogeuka alikuwa ananitazama kichwani. Nywele zimeota kidogo tu, mtu yeyote anaona zilinyolewa.

Unajua kwetu msichana hanyoi ila kwa kifo cha mzazi.

Akatazama mikono yake, kama mtu anayehakikisha. Akasema, "Mimi bado niko muzima." Halafu akasema, "Basi ni Victorine."

Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, mlima, gesi, shinikizo, ngozi ya nyuma. Aliniacha nimalize. Akauliza lini. Nikamwambia. Akauliza kama Mama alimwita. Hapo ningeweza kudanganya tena, na nilikuwa nimeshazoea. Nikasema ndiyo, Papa, alikuita mpaka mwisho.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alisema, "Siku ya kunikata uliniketisha ukaniuliza: Papa, unakubali? Nikakubali. Hii haukuniuliza." Nikasema ungepanda, Papa, ungepofuka. Akasema, "Labda ningepanda. Labda ningebaki. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini, na sitajua kamwe, sababu weye ulinichagulia. Lilikuwa jicho langu. Alikuwa muke wangu."

Tangu hapo hajaniita jina. Anapanda kesho na Papa Mbusa. Niliomba niende naye, nikae kwenye kilio cha mama yangu. Akasema, "Baki na wagonjwa wako." Nimefunga nguo zake. Dawa ya matone iko kwenye mfuko wa koti, tone moja asubuhi na jioni, asisahau, hata kama hataki mkono wangu, wewe umtie.

Mmtupie Mama udongo kidogo kwa ajili yangu.

Sidonie


Masisi, tarehe 5 Agosti 2025

Dada yangu,

Pokea salamu. Tuko wazima. Godelieve anakusalimia, watoto vilevile.

Papa alifika Jumanne ya wiki iliyopita, mchana. Kamio ilisimama barabarani, watu wote wakatoka, na wanawake wakaanza kulia upya. Watu walikuwa wanangoja kipofu. Hata baba mudogo Théophile alikwenda na fimbo ya kumushika mukono. Papa akamuangalia akasema, "Théophile, umezeeka." Akapita katikati yao, akikanyaga vizuri, akaruka mufereji peke yake. Watu wakafungua njia.

Hakuuliza kaburi iko wapi. Aliiona. Alisimama pale muda, nikamupa udongo, akatupa. Akauliza nani aliandika jina kwenye musalaba, nikasema ni mimi. Akasema nimesahau herufi moja, na ni kweli nilisahau, na watu wote walipita hapo bila kuona. Akaomba rangi, akaiandika mwenyewe. Kiisha alikaa chini kando ya kaburi, akalia, na jicho lile lako likatoa machozi sawa na lingine. Jioni baba mudogo akazima moto. Kilio kimefungwa.

Asubuhi natia tone, na jioni. Anakubali, anainua uso.

Jana nilimuambia, Papa, kesho Mbusa anashuka, namuandikia Sidonie, nimuambie nini kutoka kwako? Alikuwa anachagua maharagi, anatoa mabovu, moja moja, hakosi hata moja. Akaendelea. Nilifikiri hakunisikia. Nikauliza tena.

Akasema, "Muambie jicho inaona muzuri."

Nikasema, ni hiyo tu, Papa? Hakuna salamu?

Akasema, "Njo kitu alikuwa anataka."

Archange